Mwanao na National Honor Society: mwongozo kamili kwa familia zetu zilizoko Marekani

Wazazi wengi wetu hiki kitu tunakijua siku ya graduesheni ya haiskuli, siku ambayo tayari tumechelewa. Unaona baadhi ya watoto wamevaa mshipi wa dhahabu shingoni juu ya joho, wako hana, ukimuuliza anakujibu mama hiyo ni ya NHS, mimi sikujaza fomu. Na yule mtoto miaka minne yote alikuwa anatafsiria majirani hospitali, anafundisha watoto Sunday school au madrasa, maksi zake nzuri tu. Kustahili alistahili kabisa, shida ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa, na hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba panatakiwa kuandikwa. Ndo maana naandika huu mwongozo, wa wazazi na wa vijana wenyewe, na nitaenda polepole pale ambapo familia zetu zinakwama zaidi.

Kwanza kitu chenyewe ni nini

National Honor Society, kwa kifupi NHS, ni chama cha heshima cha wanafunzi wa haiskuli. Kilianzishwa 1921 na chama cha kitaifa cha wakuu wa shule za sekondari za Marekani, na aliyelisukuma wazo ni mkuu wa shule mmoja aitwaye Edward Rynearson, wa Fifth Avenue High School kule Pittsburgh, tawi la kwanza likawa shuleni kwake. Mwaka 1929 ikaongezwa National Junior Honor Society, NJHS, ya midoskuli.

Nguzo za NHS ni nne: taaluma, huduma kwa jamii, uongozi na tabia. NJHS inaongeza ya tano, uraia mwema, yaani kuwajibika kwa shule na jamii unayoishi, haina uhusiano wowote na pasipoti. Hapa ndo tofauti kubwa na tulikotoka. Tanzania, Kenya au Kongo mwanafunzi bora ni yule aliyeshika namba moja, basi. Huku mtoto anaweza kuwa na A tupu na akakataliwa kwa sababu hana huduma yoyote, na mwingine mwenye B nyingi akachukuliwa. Kwahiyo usimwambie mwanao "wewe soma tu hayo mengine achana nayo", kwa hili hiyo nasaha inamuumiza.

Wanaochukuliwa NHS ni wa darasa la 10, 11 na 12. Wa darasa la 9 hawaruhusiwi bado, ila maksi za darasa la 9 zinahesabiwa, ukumbuke hilo maana nitalirudia. NJHS ni kuanzia muhula wa pili wa darasa la 6 mpaka la 9. Na mtoto lazima awe amesoma kwenye hiyo shule angalau muda wa semista moja, kwahiyo mliohamia juzi subirini kidogo.

Hatua ya kwanza: jua shule yenu ina nini

Siyo kila shule ina tawi, na hakuna mtu anayejiunga na NHS kutokea nyumbani kwa intaneti, unaingia kupitia tawi la shule yako tu. Mtoto aende kwa kaunsela wake, yaani mshauri wa wanafunzi pale shuleni, aulize vitu vitatu: tawi lipo? mwalimu mlezi ni nani? utaratibu wa kuchagua umeandikwa wapi? Hilo la tatu muhimu sana. Makao makuu wanaweka kiwango cha chini tu, kila shule inaruhusiwa kupandisha, na utaratibu wake unatakiwa uwe wazi kwa wanafunzi na wazazi. Usitegemee aliyosikia mtoto wa jirani anayesoma shule nyingine, huko wanaweza kuwa wanataka wastani wa maksi, GPA, wa 3.0 na nyie mnatakiwa 3.75.

Kama Kiingereza kinakusumbua omba mkalimani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ndo msingi wa shule kutakiwa kuongea na mzazi kwa lugha anayoielewa, na wilaya nyingi zenye familia zetu zina mkalimani wa Kiswahili wa ana kwa ana au wa simu. Sema tu "I need a Swahili interpreter", inatosha. Na tafadhali mtoto asiwe ndiye mkalimani kwenye kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, haitendi haki kwenu nyote wawili.

Wakati uko hapo uliza pia vyama vingine vya heshima, maana NHS siyo peke yake. Kuna National Beta Club, iko tangu 1934 na ina nguvu sana majimbo ya kusini. Kuna vya masomo: Mu Alpha Theta ni ya hesabu, Rho Kappa ni ya masomo ya jamii, Tri-M ni ya muziki. Kwa familia zilizotoka Kongo, Burundi au Rwanda angalieni Société Honoraire de Français, ya wanafunzi wanaosoma Kifaransa. Mtoto aliyesoma Kifaransa kwenye kambi ya Nyarugusu au kule Bukavu akiingia darasa la Kifaransa la ngazi ya juu ana nafasi nzuri mno, ila lazima ajiandikishe kwenye darasa lenyewe, kukiongea nyumbani tu haitoshi. Na wale wanaosoma fani, uuguzi msaidizi, kuchomelea, ufundi magari, kuna National Technical Honor Society. Hiyo wengi hawaijui, na kuna vijana wetu wengi sana kwenye hizo programu.

Hatua ya pili: piga hesabu ya GPA mwenyewe

Kiwango cha chini cha NHS kitaifa ni GPA 3.0 kwenye mizani ya 4.0, yaani wastani wa B. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Unajumlisha pointi zote unagawa kwa idadi ya masomo.

Tuchukue mfano. Mtoto kafika Agosti, kaingizwa darasa la 9, Kiingereza bado. Semista ya kwanza masomo sita, B tatu na C tatu, pointi 15, gawa kwa 6 unapata 2.5. Semista ya pili ameshazoea, A tatu B tatu, pointi 21, GPA 3.5. Mzazi anafurahi anasema mwanangu ana 3.5. Hapana, wanaangalia ya jumla: 15 na 21 ni 36, masomo 12, jibu 3.0 kamili. Shule inayotaka 3.0 amepita. Shule inayotaka 3.5 sasa angalia ugumu: mpaka mwisho wa darasa la 10 atakuwa na masomo 24, ili wastani uwe 3.5 anahitaji pointi 84, anazo 36, zimebaki 48 kwenye masomo 12, yaani A tupu mwaka mzima hakuna hata B moja. Lakini shule ikiwa inachukua pia wa darasa la 12, akiendelea mpaka mwisho wa la 11 anahitaji jumla ya 126, hivyo pointi 90 kwenye masomo 24, hapo anaweza kupata A 18 na B 6. Inawezekana! Kwahiyo mtoto aliyeanza vibaya kwa sababu ya lugha asikate tamaa darasa la 10, mpigie hiyo hesabu kwenye karatasi aione kwa macho.

Ulizeni pia wanatumia GPA ipi. Shule nyingi zina mbili, ya kawaida na ile inayoongeza pointi kwa masomo magumu kama AP, yale ya ngazi ya chuo, ambapo A inaweza kuhesabiwa 5. Zote mbili ziko kwenye mfumo wa shule, PowerSchool au Infinite Campus au wowote wanaotumia, na mzazi una haki ya kuwa na akaunti yako mwenyewe, omba ofisini. Usisubiri ripoti kadi. Homuweki tatu ambazo hazijawasilishwa zinashusha B kuwa D bila mtihani wowote, na unaziona humo wiki hiyohiyo, bado zinaokoleka.

Na vyeti vya nyumbani? Kama mtoto alimaliza kidato cha pili Kigoma au form three Kenya, peleka matokeo kwa kaunsela mapema. Wakati mwingine wanampa kredit, wakati mwingine wanampandisha darasa, na hilo linabadilisha hesabu yote.

Hatua ya tatu: huduma, na daftari la huduma

Hapa ndo penye utajiri wetu na hapa ndo tunapoupoteza. Watoto wetu wanajitolea toka wadogo, ila hatuiti kujitolea, tunaita kusaidia. Kazi isiyoandikwa na kusainiwa, kwa baraza la walimu wanaochagua wanachama ni kama haikufanyika.

Nunua daftari dogo siku anapoanza darasa la 9, au la 6 kama ni midoskuli. Kila mstari: tarehe, mahali, alichofanya, masaa mangapi, jina na sahihi ya mtu mzima aliyemsimamia pamoja na simu yake. Saini siku hiyohiyo. Ukisubiri mwaka mzima, yule mama wa food pantry, pale wanapogawa chakula cha msaada, ameshahama na hakuna anayemkumbuka mtoto. Shule nyingi zina fomu yao au apu ya masaa, tumieni hiyo, daftari libaki kama kumbukumbu yenu ya nyumbani.

Nini kinahesabiwa? Kanuni ya jumla ni kazi bila malipo, kwa watu wasio familia yako. Kulea wadogo zako na kumpeleka bibi kliniki kwa kawaida hakuingii kwenye masaa, na najua inauma kwa sababu ndo kazi kubwa kuliko zote, ila usiitupe, ina mahali pake kwenye insha na nitafika huko. Vinavyoingia mara nyingi ni hivi: kutafsiria familia mpya iliyofika juzi, kupitia shirika la kupokea wakimbizi ili kuwe na mtu wa kusaini. Kufundisha watoto kusoma kanisani au msikitini, kupanga viti na kugawa chakula kwenye shughuli ya jamii, kufuturisha watu Ramadhani, kusafisha bustani, kusaidia maktaba. Kusali na kuimba ibadani kwenyewe shule nyingi hawahesabu, ila kwaya ikienda kuimba kwa wazee wasiojiweza hiyo ni huduma. Ukiwa na wasiwasi muulize mwalimu mlezi kwa imeili KABLA ya kufanya, na hifadhi jibu lake.

Masaa mangapi, hilo linategemea shule. Kilicho bora ni kazi moja au mbili za kudumu, miaka miwili kila Jumamosi mahali palepale, kuliko mambo kumi ya siku mojamoja yaliyokimbizwa wiki ya mwisho. Walimu wanaona tofauti haraka.

Uongozi na tabia

Watoto wetu wanaposikia uongozi wanafikiri rais wa darasa, wanaacha nafasi wazi kwenye fomu. Jamani! Nahodha wa timu ya soka ya mtaani ni uongozi. Anayefundisha sauti kwenye kwaya, anayesimamia watoto wa madrasa wakati ustaadhi hayupo, aliyeanzisha kikundi cha kusaidiana homuweki kwenye jengo la apatimenti, anayefunza wafanyakazi wapya pale anapofanya kazi jioni, wote hao ni viongozi. Kinachotafutwa ni mtu anayechukua jukumu na wengine wakamfuata, cheo siyo lazima.

Tabia inapimwa na walimu wanavyokujua na rekodi ya nidhamu. Kuchelewa kila siku, kusaspendiwa kwa ugomvi, na zaidi ya vyote kudanganya kwenye mtihani au kunakili kazi. Siku hizi vijana wanaandikiwa insha na programu za akili bandia halafu wanaziwasilisha kama zao, shule nyingi wanahesabu huo ni udanganyifu na kosa moja la namna hiyo linatosha kufunga mlango hata ukiwa na 4.0. Kama mwanao aliwahi kugombana kwa sababu alitukanwa kwao au rangi yake, nenda shule uhakikishe maelezo yake pia yameandikwa kwenye faili, siyo adhabu peke yake.

Hatua ya nne: fomu

GPA ikifika, shule inampa mtoto taarifa kwamba anaweza kuomba. Mara nyingi inakuja kwenye imeili ya shule ya mtoto, ile ambayo hawaifungui, kwahiyo mwambieni aiangalie kila siku hasa vuli na mwanzo wa masika, shule nyingi zinachagua misimu hiyo. Dedilaini ni dedilaini, saa moja baada ya hapo hawapokei, na wala usitegemee huruma kwa sababu ulifiwa wiki ile kama hukumwambia mtu. Ukipata dharura andika imeili siku hiyohiyo.

Fomu inauliza shughuli, uongozi, huduma, kazi na tuzo. Kosa kubwa ni kuandika neno moja. Mtoto anaandika "kwaya" anaweka nukta. Mwalimu wa kemia akisoma hapo anaelewa nini? Aandike hivi, kwa Kiingereza chake bila shaka: kwaya ya vijana, kuanzia darasa la 8 mpaka sasa, masaa matatu kila wiki, nafundisha sauti ya pili kwa watoto wanane, mara mbili kwa mwaka tunaimba nyumba ya wazee na mimi ndiye napanga usafiri. Kazi ileile, ila sasa inaonekana.

Kama kuna insha, hapo ndo mahali pa yale ya nyumbani. Aeleze anavyoamka saa kumi na moja kuwaandaa wadogo zake kwa sababu mama yuko shifti ya usiku kiwandani, na jinsi anavyopanga masomo yake katikati ya hayo. Asiandike kuomba huruma, wala asilazimike kusimulia vita na kambi kama hataki. Aandike anachofanya leo, kwa maelezo ya wazi. Mtu mwingine amsomee makosa ya lugha, mwalimu wa ESL, yaani wa Kiingereza kwa wageni, au mtu wa maktaba, lakini maneno yabaki yake.

Barua za mapendekezo aombe wiki tatu kabla, ana kwa ana, kwa mwalimu anayemjua kweli. Watoto wetu wamelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa na mimi naiheshimu hiyo adabu, ila huku ticha asiyekusikia ukiongea hana cha kuandika. Anyooshe mkono darasani, abaki dakika tano baada ya kipindi kuuliza swali. Aanze darasa la 9, asisubiri mpaka siku ya kuomba barua.

Nani anaamua

Siyo mkuu wa shule na siyo kura ya wanafunzi. Ni baraza la walimu watano walioteuliwa na mkuu wa shule, mwalimu mlezi anakaa nao lakini hapigi kura. Wanaangalia nguzo zote, wanapiga kura, wingi unashinda.

Akichaguliwa kunakuwa na sherehe ya kuapishwa, mara nyingi jioni, wanawasha mishumaa ya zile nguzo na kusoma kiapo. Nendeni! Ombeni ruhusa kazini mapema, vaeni vitenge vyenu, chukueni na wadogo zake waone. Ikiangukia Ramadhani mwambie mwalimu mlezi mapema kuhusu muda wa kufuturu, wengi wanaelewa.

Asipochaguliwa, mtoto kwanza aende mwenyewe kwa mwalimu mlezi aulize kwa upole ni nguzo ipi ilikuwa dhaifu. Kama kuna kosa la wazi, masaa hayakuingizwa au GPA imesomwa vibaya, mzazi uende kwa mkuu wa shule na ushahidi mkononi, na ndo maana daftari lile. Hakuna rufaa makao makuu, mambo yanaishia shuleni. Kisha aombe tena msimu unaofuata, kukosa mara moja hakumfungii.

Pesa, na barua za posta

Katiba ya NHS inazuia ada ya tawi isizidi dola 20 kwa mwaka, na ikiwa hata hiyo ni shida mwambie mwalimu mlezi faragha, shule nyingi wana namna ya kusaidia. Kinachonitia wasiwasi ni zile barua nzuri zenye muhuri wa dhahabu zinazokuja nyumbani kwa posta, "hongera mwanao amechaguliwa", halafu lipa dola kadhaa upate cheti. Kuna mashirika ya namna hiyo ambayo hayapitii shuleni kabisa. Kabla hujalipa hata senti, piga picha hiyo barua mtoto amwonyeshe kaunsela. Kama shule haihusiki na lazima ulipe ili kuingia, hiyo pesa mnunulieni laptopu.

Akishaingia

Uanachama unaendelea kudaiwa. Kuna mikutano, masaa ya huduma kila mwaka, miradi ya tawi, na GPA isishuke chini ya kiwango. Ikishuka kwa kawaida anapewa onyo la maandishi na muda wa kurekebisha. Ikifika hatua ya kutaka kumwondoa ana haki ya kusikilizwa mbele ya baraza kabla ya uamuzi, na anaweza kukata rufaa kwa mkuu wa shule. Mwende naye kwenye hicho kikao. Kijana asijitoe kwa hasira pia, aliyejitoa au kuondolewa harudi tena NHS maisha yake yote ya haiskuli, hata akihamia shule nyingine.

Faida yake vyuoni niseme ukweli: hakuna chuo kitakachomchukua kwa sababu ya NHS peke yake. Kinachomsaidia ni zile kazi zilizomfikisha hapo, na lile daftari ambalo sasa linamjazia fomu za vyuo na za ufadhili bila kuumiza kichwa. Ila kuna ufadhili wa NHS wenyewe kwa wanachama wa darasa la 12, uko tangu 1946, na maombi yake yanafanyika vuli, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Septemba ya darasa la 12 aulize tarehe.

La mwisho ni kuhama, maana sisi tunahama sana, leo Louisville, mwakani Des Moines kwa sababu kiwanda kule kinalipa zaidi. Mwanachama akihama na barua kutoka kwa mwalimu mlezi au mkuu wa shule ya zamani, tawi la shule mpya linampokea bila kumchagua upya, halafu anapewa semista moja kufikia viwango vya kule. Kwahiyo siku mnayochukua transkripti, yaani karatasi rasmi ya maksi zake zote, na kadi ya chanjo ofisini, chukueni na hiyo barua, ikiwa na muhuri wa shule na tarehe aliyoapishwa.